Chumba cha Usiku, Saa Nane Mchana

Alhamisi, tarehe tisa Mei. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna, ukungu umefunika vioo vya madirisha.

Ndivyo nilivyoandika asubuhi ile kwenye daftari la nyumba ya panya. Kila ukurasa wa daftari lile huanza na tarehe na hali ya hewa ya nje, ingawa panya wenyewe hawajawahi kuona mvua tangu wazaliwe. Kazi yangu ni kuwatunza. Nawalisha, nawabadilishia maji na maranda, napima joto la vyumba, naandika. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mmoja katika taasisi ya utafiti, na wenzangu wamenipa jina la Baba Panya. Mke wangu alipolisikia mara ya kwanza aliuliza, "Na mimi sasa niitwe nani?" Hakuna aliyethubutu kumjibu.

Vyumba vyangu ni viwili, vimetazamana, katikati kuna korido nyembamba yenye harufu ya dawa ya sakafu. Kimoja tunakiita chumba cha Mchana. Taa zake huwaka saa kumi na mbili asubuhi na kuzimika saa kumi na mbili jioni, kama jua. Cha pili ni chumba cha Usiku. Humo mambo yamepinduliwa: taa zinawaka jioni na kuzimika asubuhi, kwa hiyo sisi tunapoingia kazini na usingizi bado machoni, panya wa chumba kile ndio kwanza usiku wao unaanza. Panya ni mnyama wa giza. Giza likiingia anaamka, anakula, anahangaika huku na huku. Taa ikiwaka anajikunja kwenye maranda na kulala. Ndani ya chumba cha Usiku sisi watu tunaonea kwa taa ndogo nyekundu, kwa sababu jicho la panya haliishiki vizuri rangi ile.

Aliyevipanga vyumba hivyo ni Daktari. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na mitano, mwembamba, wa maneno machache. Anavaa saa mbili, moja kila mkono, ili moja ikidanganya nyingine iseme kweli. Fundi wetu wa maabara, ambaye sote tunamwita Mjomba ingawa si mjomba wa mtu yeyote pale, alimbandika jina la Mama Saa. Daktari analijua jina hilo na hajali. Mimi nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akiomba radhi kwa panya kabla ya kumdunga sindano. Hakujua kama nilimsikia.

Siku moja, akiwa ameegemea mlango na mimi najaza chupa za maji, alinieleza anachokitafuta.

"Mzee, kirusi ni mvivu kupita wote. Hana jiko, hana sufuria, hana kuni. Akiingia kwenye seli anapikia jiko la mwenye nyumba."

"Kama shemeji yangu," nikasema.

"Kama shemeji yako. Sasa, jiko la seli haliwaki vilevile saa zote. Kila seli ina saa yake ndani. Kuna wakati wa kupika na wakati wa kufagia na wakati wa kufunga milango. Kirusi akiingia wakati jiko linawaka, anakula na kuzaa. Akiingia wakati limezimwa, anahangaika."

"Kwa hiyo shemeji akija baada ya vyombo kuoshwa, amekwisha."

"Ndilo ninalotaka kujua. Panya walewale, ugonjwa uleule, kiasi kilekile. Tofauti iwe saa tu."

Na alilijua. Mwezi wa Februari, katika mzunguko wa kwanza wa jaribio, aliwaambukiza panya wa vyumba vyote viwili asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, kwa virusi vya panya visivyomdhuru mtu. Wale wa chumba cha Mchana walikuwa ndio wanaanza kulala. Wale wa chumba cha Usiku walikuwa ndio wanaamka. Baada ya siku chache Mjomba alihesabu virusi katika mapafu yao. Walioambukizwa wakati wa kuanza kulala walikuwa na virusi mara kumi zaidi ya wenzao.

Mara kumi. Nilisimama pale na ndoo mkononi nikaona mwili wangu unasisimka. Miaka kumi na mmoja nimewashika wanyama hawa, nawajua kwa mwendo na kwa tabia, na kumbe ndani ya kila mmoja, katika ini, katika mapafu, katika ngozi, Mungu ameweka saa zisizohesabika, zote zinakwenda pamoja, na hakuna anayezitia ufunguo. Nilipiga magoti siku ile nikamshukuru kwa saa za panya. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumshukuru kwa hilo.

Ni furaha hiyo iliyonipeleka shule. Nina miaka hamsini na mitatu. Niliacha masomo nikiwa mtoto, na miaka yote hii nilikuwa naandika namba kwenye daftari bila kujua zinakwenda wapi. Mwezi Machi nilijiandikisha darasa la jioni, masomo ya sekondari, siku tatu kwa wiki. Mwalimu wetu wa biolojia ni mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Ninakaa dawati moja na mama mshonaji ambaye hunong'ona kwamba sisi wawili tukipata cheti tutakipeleka moja kwa moja kwa Mungu akakiweke kwenye faili.

Shida ilikuwa muda wa kusoma. Nyumbani kuna wajukuu wanne. Kazini, mapumziko yangu ni saa nane mchana, na chumba cha mapumziko kina Mjomba, na Mjomba hana kitufe cha kuzimia. Mahali pa pekee penye utulivu palikuwa chumba cha Usiku. Kwa miaka mingi nilikuwa naingia humo saa nane kusali, gizani, nikisikia miguu midogo ikikwaruza maranda pande zote. Sijapata kuona mahali pazuri zaidi pa kusalia. Basi tangu Machi, nikimaliza sala, nilikaa chini kwenye kona, nikafungua kitabu cha biolojia, nikawasha tochi ya simu na kusoma. Taa nyekundu haikunisaidia, macho yangu ni ya babu. Dakika thelathini, siku nyingine arobaini. Kila siku ya kazi.

Nilijua taa haziruhusiwi humo. Lakini nilidhani marufuku ile ni kwa ajili ya kuwashtua panya, na panya wangu hawashtuki kwa sababu yangu. Wananijua. Tena nilikuwa naifunika tochi kwa kiganja. Niliona ni jambo dogo, jambo kati yangu na wao.

Sasa narudi Alhamisi ile ya manyunyu. Siku hiyo yalitoka majibu ya mzunguko wa pili. Kila kitu kilifanywa kama mara ya kwanza: panya wapya, saa ileile, virusi vilevile. Mjomba alitoka maabara na karatasi, akapita mbele yangu bila kutania, hapo nikajua kuna msiba. Tofauti ilikuwa imepotea. Panya wa chumba cha Usiku walikuwa na virusi vingi karibu sawa na wale wa chumba cha Mchana.

Mkurugenzi alimwita Daktari ofisini. Mlango wa ofisi ile haufungiki vizuri, na mimi nilikuwa kwenye korido na ufagio.

"Februari mara kumi," alisema Mkurugenzi. "Mei hakuna kitu. Nitawaambia nini watu?"

"Sijui bado."

"Wapo wanaosema zile namba za kwanza zilipikwa."

"Nani anasema?"

"Haidhuru ni nani. Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Ulete maelezo, au ulete barua ya kuifuta ripoti uliyoandika kuhusu mzunguko wa Februari."

Daktari hakubisha. Alitoka, akanikuta na ufagio, akasema, "Mzee, joto la vyumba lilikuwa sawa wiki zote hizi?" Nikamwambia lilikuwa sawa. Akaniuliza chakula, maji, maranda. Nikamwonyesha daftari, safu kwa safu. Aliliangalia kwa kidole, siku baada ya siku, saa nzima, amesimama. Hakupata kosa. Akanirudishia akasema, "Ahsante, daftari lako ni safi." Neno hilo nililibeba kwenda nalo nyumbani kama zawadi.

Jumatatu jioni tulikuwa darasani. Mwalimu alichora jicho ubaoni, kisha mshipa kutoka jichoni kwenda ndani ya ubongo, na mwisho wa mshipa akachora saa ndogo.

"Hii ndiyo saa kuu ya mwili," akasema. "Saa nyingine zote, za ini, za moyo, za mapafu, zinaifuata hii. Na hii inasahihishwa na mwanga. Jua likichomoza, jicho linaiambia: asubuhi imefika. Ndiyo maana mtu anayefanya kazi usiku mwili unamsumbua. Saa zinaambiwa maneno mawili tofauti."

Nilinyoosha mkono. Darasa zima hugeuka ninaponyoosha mkono, wanajua swali litakuwa refu.

"Mwalimu, mwanga wenyewe lazima uwe mkubwa? Kama wa jua?"

"Hapana. Kwa mnyama aliyezoea giza, hata mwanga mdogo unatosha, hasa ukija katikati ya usiku wake, na kila siku."

"Kama tochi ya simu?"

"Tochi ya simu inatosha sana, baba."

"Hata ukiifunika na mkono?"

Mama mshonaji akanong'ona, "Baba Panya, unamulika nani usiku?" Wengine wakacheka. Mimi sikuweza kucheka. Niliona kona yangu katika chumba cha Usiku, kitabu kwenye magoti, na mwanga uliotoka katikati ya vidole vyangu na kutambaa juu ya vizimba. Saa nane mchana. Kwa panya wale, katikati ya usiku wao. Wiki saba.

Usingizi haukuja. Asubuhi kwenye chai nilimweleza mke wangu, neno kwa neno, yeye akiwa amesimama na birika mkononi.

"Ukisema watakufukuza," akasema.

"Ndiyo."

"Mtu wa umri wako, bila cheti. Nani atakupa kazi nyingine?"

"Hakuna."

"Na usiposema?"

"Daktari ataandika barua kwamba alichokiona Februari hakikuwa kweli. Na kilikuwa kweli. Mimi ndiye ninayejua peke yangu."

Alimimina chai, akaweka birika, akakaa. "Usiku kucha umegeuka kama samaki kwenye kikaango," akasema. "Nakujua. Usiposema hutalala, na usipolala wewe silali mimi. Nenda kaseme. Shati lile jeupe nimelipiga pasi."

Nilisali njiani, nikitembea, maana miguu haikutaka kusimama. Sikuomba nisamehewe kazini. Niliomba tu sauti isinitoke kama ya mbuzi.

Nilimkuta Daktari maabara, mbele ya kompyuta. Mjomba alikuwa kwenye sinki akiosha vifaa. Barua ilikuwa kwenye kioo cha kompyuta, niliona jina la Mkurugenzi juu yake na mistari michache chini.

"Daktari, usiimalize hiyo barua."

"Kuna panya anaumwa?"

"Hapana. Kosa si lako. Ni langu."

Nikasema. Nilianza na sala, nikafika kwenye kitabu, nikafika kwenye tochi. Mjomba alifunga bomba.

"Tochi?"

"Ya simu."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi, tangu Machi."

"Baba Panya, ulikuwa unasoma nini huko gizani? Barua za mapenzi?"

"Biolojia."

Mjomba aliiweka chini chupa aliyokuwa akiiosha.

Daktari alinyanyuka, akaenda kwenye sinki, akanawa mikono. Haikuwa michafu. Alinawa muda mrefu, kila kidole, akakausha, akarudi na kukaa. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Miezi mitatu, Mzee," akasema. "Na wanyama arobaini."

"Najua."

"Nilikukabidhi daftari. Nilisema mbele yako ni safi."

"Niliandika chakula, maji, maranda na joto. Hakuna safu ya tochi." Nilipolisema nikasikia lilivyo. "Hapana, si hivyo. Niliona haya. Mzee mzima nasoma kitabu cha watoto, sikutaka Mjomba ajue."

Mjomba akaangalia chini.

"Nilikwambia usiwashe taa humo."

"Uliniambia. Nikadhani ni ili wasishtuke."

Aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Saa zake mbili zilisikika. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejisomea mwenyewe, "Nilikwambia usifanye nini. Sikukwambia kwa nini."

"Na mimi sikuuliza."

Kuanzia hapo aliacha kunisemesha kama mkosaji, akanisemesha kama shahidi. Alichukua karatasi. Saa ngapi hasa? Dakika ngapi? Kona ipi? Tochi ilielekea wapi? Jumamosi na Jumapili je? Nilijibu yote, hata yale ya aibu, kwamba siku nyingine nilisinzia na tochi ikabaki inawaka. Yote aliandika bila kuinua macho.

"Neno lako peke yake halitoshi," akasema mwishoni. "Si kwamba sikuamini. Mkurugenzi atasema tumeelewana wewe na mimi ili kuokoa ripoti. Inabidi tuwaulize panya."

"Panya hawasemi," nikasema.

"Hawa wanasema. Tuna panya wa akiba kila chumba, si ndiyo? Ambao hawakuambukizwa?"

"Wanane na wanane. Wamekaa humohumo wiki zote."

"Mjomba, yale magurudumu bado yapo stoo?"

Sikuwahi kuona kazi ikifanywa vizuri namna ile. Mjomba alitoa magurudumu madogo ya kukimbilia, kumi na sita, kila moja na waya unaohesabu mizunguko na kuipeleka kwenye kompyuta. Jioni ya Jumanne tuliwaweka panya wa akiba, kila mmoja na gurudumu lake, katika chumba cha tatu kisicho na dirisha, gizani kabisa. Siku tatu bila mwanga wowote. Daktari alinieleza, safari hii na sababu yake: panya akikaa gizani hana wa kumwambia saa ngapi, kwa hiyo anaifuata saa yake ya ndani. Ikifika saa yake ya kuamka, atapanda gurudumu na kukimbia. Tukiona wanaanza lini, tumesoma saa zao.

"Bila kuwafungua," nikasema.

"Bila kuwagusa."

Mimi ndiye niliyeingia kuwapa chakula, kwa kupapasa, na Mjomba alinipekua mifuko mlangoni kila mara. "Simu hapa," alisema. "Kiberiti? Mshumaa? Jino la dhahabu?" Alitania, lakini alinipekua kweli, na nilishukuru.

Ijumaa asubuhi tulikaa watatu mbele ya kompyuta. Daktari alifungua kwanza panya wa chumba cha Mchana. Mistari minane, mmoja juu ya mwingine, na kila mmoja ulianza kuwa mweusi, yaani panya ameanza kukimbia, mahali pamoja: karibu na saa kumi na mbili jioni, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku tatu gizani, bila jua, bila kengele, na wanane wale waliamka pamoja, wakipishana dakika chache tu. Mjomba alipiga mluzi wa chini. Mimi machozi yalinitoka, sikuyaficha. Nimemsifu Mungu kwa milima na kwa watoto wachanga, lakini siku ile nilimsifu kwa kiumbe cha gramu ishirini kinachoujua wakati gizani.

Kisha akafungua wa chumba cha Usiku. Wote walipaswa kuanza saa kumi na mbili asubuhi, lakini mmoja alianza saa tisa usiku, mwingine saa mbili asubuhi. Wawili walikimbia vipande vipande, wakapumzika, wakarudia, kama watu waliosahau walikokuwa wanakwenda. Hakuna wawili waliolingana.

"Haya ni mambo yangu," nikasema.

"Haya ni mambo ya tochi," akasema Daktari. Kidole chake kilipita kwenye mistari ile, taratibu. "Saa zao zilivurugika. Na saa ilipovurugika, virusi vikapata jiko linawaka ovyo."

Saa nane mchana tuliingia kwa Mkurugenzi. Katibu wake alikuwepo na daftari la kumbukumbu, na dada msafishaji wa korido aliitwa pia, kwa sababu aliwahi kuniona nikitoka chumba cha Usiku na kitabu kwapani. Daktari aliweka karatasi mezani, ya kwanza na ya pili, akaeleza kwa dakika kumi. Sijawahi kusikia mtu akijieleza bila kujipamba namna ile. Alisema mzunguko wa pili umeharibika na aliueleza ulivyoharibika. Alisema ripoti ya kwanza hataifuta, lakini hataki mtu aiamini mpaka mzunguko wa tatu. Mkurugenzi akamuuliza kama basi kosa hili limegeuka ugunduzi.

"Hapana," akasema. "Ni mzunguko ulioharibika. Sitauandika kama kitu kingine. Umenipa swali tu, swali ambalo sikuwa nimelifikiria, na nitaliuliza kwa utaratibu, siku yake ikifika."

Mkurugenzi aligeukia upande wangu. Si mtu mbaya, ila alikuwa amechoka. "Na huyu aondoke," akasema. "Leo."

Dada msafishaji aliangalia sakafu yake. Nilitazama kola ya shati langu jeupe. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Mungu kwamba nimekubali.

"Namtaka," akasema Daktari.

"Amekuharibia miezi mitatu."

"Ndiyo. Na kosa lile mimi nisingelipata kamwe. Ningeandika barua, ningefuta jambo la kweli, na mzunguko wa tatu ungeharibika vilevile, kwa tochi ileile. Alikuja mwenyewe. Nusu ya kosa ni yangu, nilitoa amri bila sababu. Kuanzia sasa kila atakayeingia vyumba vile ataelezwa sababu, na yeye ndiye atakayewaeleza. Anajua kuliko wote mwanga unafanya nini."

"Maneno mazuri," akasema Mkurugenzi. "Mimi nataka dhamana."

Mjomba akakohoa. "Mkubwa, mimi nampa stoo ya maranda saa nane. Ina taa kubwa, ina kiti. Asali, asome, akitaka ahamie. Mimi nitanyamaza."

"Wewe utanyamaza?" akauliza katibu.

"Nitajaribu."

Mkurugenzi karibu acheke. Alizungusha kalamu mezani, akaitazama ile karatasi ya mistari minane iliyolingana, akaitazama kwa muda. Nadhani hata yeye ilimgusa.

"Simama, Mzee," akasema. "Ahadi yako ndiyo itakuwa dhamana ya kubaki; iseme mwenyewe. Hapa, mbele ya hawa wote, na katibu ataandika."

Nilisimama. Daktari naye alisimama, sijui kwa nini, na Mjomba akamfuata, na dada msafishaji akaacha kuegemea ukuta. Sauti yangu haikutoka kama ya mbuzi.

"Naahidi," nikasema, "sitaingiza mwanga tena chumba cha Usiku, uwe wa simu, uwe wa kiberiti, uwe wa nia njema. Nikipewa amri nisiyoielewa, nitauliza sababu kabla sijaishika kazi. Na nikikosea tena, maana mimi ni mtu na nitakosea, nitasema siku hiyohiyo, kabla sijavua koti."